Kilomita 60 za Ndundu na Somanga: kwa nini barabara ya Kusini hukatika palepale

Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2024 macho ya watu wote wa pwani yalikuwa baharini. Kimbunga Hidaya kilikuwa kinakuja kimeelekea Mafia, na kwa siku kadhaa tulikuwa tumeonywa: wavuvi wasitoke, wanaokaa ufukweni wasogee juu. Mimi nilikuwa Kilwa Kivinje kwenye msiba wa shangazi yangu. Upepo ulivuma, minazi ikainama, mabati yakapiga kelele usiku kucha. Kulipokucha nyumba zilikuwa zimesimama, tukamshukuru Mungu. Ndipo simu zikaanza kulia. Barabara ya Dar es Salaam imekatika Somanga, hakuna gari linalopita.

Kilichoikata ni mvua, si upepo. Mvua iliyokuja na kimbunga ilishuka juu ya ardhi ambayo masika yalikuwa yameshaishibisha, na maji yote yakateremka kwa pamoja kuelekea baharini. Barabara ilikuwa imelala katikati ya njia yake. Ilivunjika Somanga, ikavunjika Mikereng'ende, ikavunjika na kwingine katika wilaya ya Kilwa.

Nilichukua bodaboda kutoka Nangurukuru kwenda kuona kwa macho yangu, tukishuka na kutembea kila ilipobidi. Lami ilikwenda mbele yetu vizuri tu, halafu ikaisha. Ukingo wake ulining'inia hewani kama upindo wa mkeka, unene wake hauzidi kiganja cha mkono. Chini yake ungeweza kusoma barabara ilivyojengwa, tabaka kwa tabaka: kokoto, changarawe, udongo mwekundu, kisha mchanga wa asili uliokuwa bado unamong'onyoka kidogo kidogo na kudondokea majini. Kipande cha kalvati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, kilikuwa kimelala upande wa bahari, mdomo juu, kimejaa matawi na mabua ya mahindi. Ng'ambo ya pili malori yalikuwa yamejipanga hadi yanapotea kwenye kona, na akina mama walikuwa wameshawasha moto kando ya barabara, wanachemsha mihogo ya kuwauzia waliokwama.

Maji yenyewe yalikuwa yameshapungua. Kijito kilichofanya kazi ile yote kilikuwa kinapita chini kimya, upana wa kuruka mtu mzima akijikaza. Kisa chote cha barabara hii nakiona pale. Kwa miaka mingi tuliambiwa, na sisi wenyewe tulikuwa tukiambiana, kwamba kinachoifunga Kusini ni mto Rufiji. Rufiji ulipata daraja mwaka 2003. Kusini bado inafungwa.

Njia yenyewe

Kwa asiyeijua, barabara hii inatokea Dar es Salaam kwa jina la Barabara ya Kilwa. Inapita Mbagala na Rangi Tatu, ambako siku hizi njia za mabasi yaendayo haraka zimejengwa katikati yake, inatoka mjini Kongowe na Vikindu, inafika Mkuranga, Kimanzichana, Jaribu Mpakani na Bungu, hadi Kibiti. Huko kote ni mikorosho, minazi na mananasi. Baada ya Kibiti unakuja Ikwiriri, nchi inashuka na kuwa tambarare, mpunga pande zote, kisha unaliona daraja.

Ukivuka Rufiji uko Ndundu. Kutoka hapo hadi Somanga ni kilomita 60: Nyamwage penye njia panda ya Utete, eneo la Muhoro, Marendego ambako Pwani inaishia na Lindi inaanzia, halafu Somanga yenyewe na harufu yake ya samaki wa kukaanga. Mbele ni Njia Nne, wanakokata wanaopanda Kipatimu, kisha mto Matandu, kisha Nangurukuru, njia panda ya Kilwa Masoko. Baada ya hapo unahesabu Kiranjeranje, mto Mbwemkuru, Mchinga na Lindi, na ukifika Mingoyo barabara inagawanyika: kushoto Mikindani na Mtwara, kulia Mtama na Masasi. Dar hadi Mtwara ni kilomita 560 hivi.

Nimezitaja zile 60 kwa urefu zaidi kwa sababu ndizo zilizochelewa kuliko zote.

Barabara iliyokuwa njia ya minyororo

Watu wengi hudhani njia ya kuunganisha Kilwa na Dar kwa nchi kavu ni jambo la jana. Ipo tangu zamani, na historia yake inauma. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba na Waingereza wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa bahari. Kilwa Kivinje ilikuwa soko kubwa la watumwa waliotoka pande za Nyasa, na wafanyabiashara wake hawakuacha biashara kwa sababu ya saini. Walibadilisha njia. Badala ya kuwapakia majahazini, waliwatembeza kwa miguu kufuata pwani kwenda kaskazini, wakivuka Rufiji, hadi Pangani na zaidi.

Frederic Elton, makamu wa balozi wa Uingereza, aliipita njia hiyo kati ya Dar es Salaam na Kilwa mwishoni mwa mwaka 1873 na mwanzoni mwa 1874. Katika mwezi mmoja alihesabu watumwa zaidi ya 4,000 wakipelekwa kaskazini. Mwaka 1876 Barghash akapiga marufuku na misafara ya nchi kavu. Sijui jinsi ya kupita Nyamwage kwenye basi lenye viyoyozi bila kuwakumbuka wale waliopita hapo shingo zikiwa kwenye miti.

Baada ya hapo njia ya kaskazini ilipoa, na hili ni la muhimu katika kisa chetu. Wajerumani waliitazama Kusini kwa jicho la bandari: kutoka Kilwa kwenda Liwale, kutoka Lindi kwenda Masasi, kutoka pwani kwenda Songea. Vita vya Majimaji vilipoanza Julai 1905 kule Nandete, kwenye vilima vya Wamatumbi, askari waliletwa kwa meli. Waingereza nao waliendelea vilevile. Mpango wao wa karanga wa mwaka 1947 uliipa Nachingwea matrekta, reli na bandari mpya ya kina kirefu Mtwara, iliyokamilika 1954. Karanga zilikuwa zimeshashindikana tangu 1951. Reli ikafungwa mwaka 1962 na vyuma vikang'olewa. Hadi leo wazee wa Nachingwea watakuonyesha lilipopita tuta lake.

Ukilitazama hilo lote kwa pamoja unaona kwamba kila aliyewekeza Kusini alichora mstari kutoka bara kwenda baharini. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuchora mstari wa kwenda Dar. Lindi, Kilwa na Mtwara zilikuwa na meli, na ilionekana zinatosha.

Mto ulipolaumiwa peke yake

Hivyo baada ya uhuru barabara ya Kusini ilikua kwa vipande, na vipande vyenyewe vilianzia miishoni. Lami ilitoka Dar ikateremka hadi Kibiti. Upande wa pili Lindi, Mtwara na Masasi ziliunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Katikati palibaki udongo na mto.

Na mto ulikuwa mto kweli. Bonde la Rufiji linakusanya maji ya karibu moja ya tano ya Tanzania Bara, kilomita za mraba kama 177,000, kutoka Usangu na Kilombero na nyanda za juu. Watu walivuka kwa pantoni. Wakati wa masika mto ulipanda, pantoni ikasimama, na magari yakasubiri. Nilivuka hapo mara ya kwanza nikiwa mtoto, nimeshikwa mkono na mama, na ninachokumbuka zaidi ni ukimya: injini zote zimezimwa, watu wamekaa chini ya malori, na mtu mmoja anauza ndizi za kuchoma akipita kutoka lori hadi lori bila kunadi.

Benjamin Mkapa alitoka Lupaso, Masasi. Barabara hii aliijua kama mtu wa kwao anavyoijua. Katika urais wake daraja likajengwa, mita 970, likafunguliwa Agosti 2003 na kupewa jina lake. Sherehe ile ilistahili. Nilimsikia mzee mmoja wa Ikwiriri akisema tangu azaliwe hajawahi kuvuka Rufiji akiwa amevaa viatu. Siku ile alivuka navyo.

Tatizo lilikuwa hesabu iliyofuata. Daraja liliwafanya watu, na nadhani hata wakubwa, waamini kwamba kikwazo kimeondoka na kilichobaki ni kumwaga lami tu. Kusini zaidi kazi ilikwenda: Nangurukuru hadi Mbwemkuru kilomita 95, Mbwemkuru hadi Mingoyo nyingine 95. Ndundu–Somanga ikabaki nyuma. Mikopo ya Mfuko wa Kuwait na Mfuko wa OPEC ilipatikana, mkandarasi akaingia mwishoni mwa miaka ya 2000, na mwaka baada ya mwaka hotuba ya bajeti ya Wizara ya Ujenzi ikawa na mstari uleule wa Ndundu–Somanga (km 60), asilimia zikiongezeka polepole. Masika yalipofika, mabasi yalikuwa yanateremka daraja zuri kuliko yote nchini na kuzama tope umbali mfupi baadaye. Ilipofika mwaka 2015 ndipo gari dogo likaweza kutoka Dar hadi Mtwara lisiache lami. Kutoka daraja hadi lami, miaka 12.

Ardhi isiyokubali haraka

Kwa nini 60 hizi? Wengine husema mkandarasi, wengine husema siasa, na kila mmoja ana lake la kweli. Mimi naanzia chini, kwenye udongo.

Kilomita za kwanza baada ya mto bado ni bonde la Rufiji. Huko kuna mfinyanzi mweusi ambao kiangazi hupasuka hadi mguu wa mbuzi unaingia, na masika huvimba na kuteleza kama sabuni. Huwezi kuujengea juu yake hivihivi. Unachimba unautoa, unaleta udongo mwingine kutoka mbali, unashindilia, unainua tuta. Machimbo ya changarawe nzuri hayako jirani. Na msimu wa kazi ni mfupi: masika Machi hadi Mei, vuli mwishoni mwa mwaka, ukikosa miezi ya katikati umekosa mwaka.

Ukitoka bondeni unapanda kwenye mchanga, halafu unaingia sehemu ambayo mimi naiona ndiyo ngumu kuliko zote, ingawa kwa macho haitishi. Upande wa magharibi vilima vya Matumbi vinasimama karibu na bahari. Maji yanayoanguka huko hayana safari ndefu. Rufiji ukipanda unatoa taarifa, mvua ya Iringa leo utaiona Ikwiriri baada ya siku kadhaa. Vijito vya Matumbi havina taarifa. Mvua kubwa ikinyesha juu usiku, alfajiri iko barabarani. Na kiangazi, msanifu anapokuja na vifaa vyake kupima, anakuta mchanga mkavu na nyayo za ng'ombe.

Barabara imekata vijito hivyo kwa upande, mmoja baada ya mwingine, juu ya tuta. Tuta ni ukuta. Pale ulipoacha tundu, kwa daraja dogo au kalvati, maji yanapita. Tundu likiwa dogo kuliko mvua, au likizibwa na magogo na mabua, maji yanajikusanya upande wa mlimani na tuta linageuka bwawa ambalo halikujengwa liwe bwawa. Maji yanapanda hadi yanavuka juu ya lami. Yakishuka upande wa pili yanachimba bega la barabara kuanzia chini, yanarudi nyuma yakila udongo, na zege la daraja linaweza kubaki limesimama peke yake katikati huku tuta la kuingilia pande zote mbili limekwenda.

Pale Somanga nilikutana na mzee aliyekuwa dereva wa malori tangu miaka ya 1970. Alikuwa amekaa juu ya jiwe anatazama vijana wakivusha mizigo kichwani.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nawe umekuja kumtazama maiti?"

Nikamwuliza enzi zao walikuwa wanapitaje.

"Rufiji haukuwahi kunionea," akasema. "Unalala hapo siku moja, mbili, unakula samaki, pantoni ikija unavuka. Ni hivi vidogo. Usiku unavikuta vikavu unapita, unaporudi asubuhi limeingia lori la mwenzako hadi kioo. Utingo alikuwa anatangulia na fimbo anapima. Fimbo ikizama hadi kiunoni, tunapika."

Nikamwambia wataalamu wanasema mvua za sasa zimebadilika. Akafikiri kidogo. "Zimebadilika, ndiyo. Lakini na huko juu pamebadilika. Zamani huko msitu. Sasa simsim."

Maneno yake yana uzito. Ufuta, ndiyo simsim yake, umekuwa zao la fedha Kilwa na Lindi, na mashamba yake mengi yanafunguliwa kwa kufyeka msitu. Ongeza mkaa. Ongeza mifugo iliyohamia wilaya hizi. Mlima uliovuliwa nguo hauwezi kuyashika maji, unayaachia yote kwa saa chache, pamoja na udongo na magogo yanayokwenda kuziba kalvati. Sisemi mkulima wa Kipatimu asilime. Nasema kalvati lilipimwa kwa mlima mmoja, na sasa linahudumia mlima mwingine.

Lawama zilizokosea anwani

Katika siku zile za Mei nilisikia maelezo mawili ambayo yalisambaa sana, na yote mawili hayatufikishi.

La kwanza ni bwawa la Julius Nyerere, lile la umeme lililojengwa kwenye mto Rufiji. Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilikuwa zimefurika vibaya, Muhoro watu waliingiliwa na maji majumbani, na mjadala wa kufunguliwa kwa maji ya bwawa ulikuwa mkali na bado unawauma waliopoteza mashamba. Kwa hiyo Somanga ilipovunjika, wengi wakasema ni bwawa hilohilo. Lakini Somanga haiko kwenye Rufiji. Maji yaliyoivunja yalitoka vilima vya karibu na hayakuwahi kuliona bwawa lile. Ni misiba miwili iliyofuatana, na kuichanganya kunamwachia huru msanifu wa makalvati.

La pili ni malori. Ni kweli barabara hii ilibebeshwa mzigo haraka kuliko ilivyotarajiwa. Kiwanda cha saruji cha Dangote kilipoanza kazi Mtwara mwaka 2015, saruji yake ilianza kupanda kwenda Dar kwa barabara. Korosho nazo kwa misimu mingi zilisafirishwa kwa malori hadi bandari ya Dar, hadi serikali ilipoagiza kuanzia msimu wa 2023/24 zitoke kwa bandari ya Mtwara. Mzigo huo unakunja lami na kuitoboa, na mashimo ya pale karibu na Matandu yanathibitisha. Ila lori halivunji tuta kwa usiku mmoja.

Linalobaki ni kusema tukio lile halikuwa la kawaida, kimbunga hakina mwenyewe. Hilo nalo nalipokea nusu. Vimbunga ni nadra kwetu, lakini Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952, na Aprili 1990 mafuriko ya Lindi na Mtwara yaliua watu wengi. Mzee yeyote wa Mchinga anakumbuka 1990. Mtu anayejenga kitu cha kudumu miaka 50 kwenye pwani hii anayo haki ya kushangazwa mara moja.

Na haikuwa mara moja. Mei 2024 Waziri wa Ujenzi wa wakati ule, Innocent Bashungwa, alipiga kambi huko na wahandisi wa TANROADS, wakala wa barabara, mitambo ya vijiko na malori yakafanya kazi usiku na mchana, na baada ya siku kadhaa magari yakaanza kupita. Niliwaona vijana wale kazini na nawapa heshima yao yote. Wengine walikuwa wamesimama ndani ya maji hadi mapajani saa nane usiku, taa ya kijiko ikiwamulika, wakipanga mawe kwa mikono. Lakini walichopewa wajenge ni cha kufungua njia: mawe, kifusi, makalvati, njia ya mchepuko. Aprili 2025 masika yakarudi, bila kimbunga, na Somanga Mtama ikakatika tena. (Hii Mtama ni kitongoji cha Somanga, si ile Mtama ya njia ya Masasi.) Waziri mwingine, Abdallah Ulega, akaenda palepale. Malori yakajipanga palepale, na akina mama wa mihogo wakawasha moto palepale.

Gharama ya kuwa na mlango mmoja

Kuna jambo ambalo watu wa kaskazini hawalioni haraka. Arusha ikifungwa upande mmoja, kuna upande mwingine. Lindi na Mtwara zikifungwa Somanga, njia iliyobaki ya lami ni kwenda Masasi, Tunduru, Songea, kupanda Njombe hadi Makambako, kushuka Iringa, Mikumi, Morogoro, halafu Dar. Ni zaidi ya kilomita 1,500, karibu mara tatu ya safari ya kawaida. Tena hata njia hiyo ni ya juzi, Tunduru na Namtumbo zilipata lami miaka ya 2010. Ile ya Nangurukuru kwenda Liwale ni ya udongo, na hata ukifika Liwale umefika Liwale.

Zamani kulikuwa na bahari. Meli za abiria zilitoka Dar zikagusa Lindi na Mtwara, na mtu wa Kilwa aliyeona mvua imezidi alikuwa na la kufanya. Barabara ilipokuwa nzuri, meli zilikosa abiria, zikaondoka moja moja, na hakuna aliyezilinda kwa sababu basi lilikuwa linafika siku hiyohiyo. Tulibadilishana njia moja ya shida kwa njia moja ya raha, tukabaki na moja ileile. Nasikitika kwamba katika hotuba zote za Mei 2024 nilizosikiliza, sikusikia mtu akiuliza boti iko wapi.

Na kilichopita Somanga siku zile bila kusimama ni gesi. Gesi ya Songosongo inatoka baharini kwa bomba na kutia nanga Somanga, kisha inakwenda kilomita 207 nchi kavu hadi Ubungo, tangu mwaka 2004. Bomba la Mtwara likafuata mwaka 2015. Yamefukiwa chini, yamevushwa mito kwa hesabu ya hali ya juu. Juu yake, mgonjwa wa rufaa kutoka Sokoine, Lindi, alikuwa anasubiri kijiko kimalize kumwaga kifusi.

Mimi naamini kinachohitajika kinajulikana. Madaraja yenye nafasi pana mahali pa makalvati. Mahali pengine barabara ishushwe makusudi, ijengewe zege, maji yapite juu yake kwa saa sita na kuondoka bila kubeba kitu, kuliko kuinuliwa tuta refu litakalosimama hadi lianguke. Vipimo vya mvua huko Kipatimu na Nandete, maana ukiwa na mtu mwenye simu na kipima mvua juu ya kilima, Somanga inapata saa kadhaa za kusimamisha mabasi. Na mashamba ya kandokando ya vijito yaachiwe miti yake. Serikali imeanza ujenzi wa madaraja mapya ya kudumu katika maeneo yaliyokatika, na nimeona nguzo zikichimbiwa. Ninachoomba ni kwamba yapimwe kwa maji ya Mei 2024, na kwa vijito vyote, hata vile ambavyo bado havijavunja kitu.

Nilirudi Dar baadaye, masika ya 2025, baada ya njia kufunguliwa kwa mara ya pili. Basi lilifika Somanga Mtama kama saa mbili usiku, mvua ya rasharasha, likapunguza mwendo kwenye mchepuko na kusimama. Maji yalikuwa yanapita juu ya kifusi, si mengi. Dereva hakutaka kubahatisha. Utingo, kijana wa miaka 20 hivi, akavua viatu, akakunja suruali, akavunja tawi la mkorosho kando ya njia na kushuka mbele ya taa. Abiria wote tulinyamaza tukimtazama anavyopima, hatua moja, fimbo, hatua moja, fimbo. Alipofika ng'ambo akageuka, akanyanyua mkono, na dereva akaingiza gia.